Kumuajiri Fundi Umeme wa Nyumbani: Ujuzi, Amana na Hukumu Zake

AlhamduliLlaah, na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake. Ama ba‘d:

SUALA

Tumeulizwa na familia moja ya Unguja ambayo kijana wao anafanya biashara Sumbawanga, mkoani Rukwa, na anaishi huko na mke na watoto katika nyumba ya kupanga. Kisanduku cha swichi cha nyumba hiyo kimeungua upande mmoja, na mvua ikinyesha, mtu akigusa nguzo ya bati la barazani hutekenywa na umeme. Msikitini kwao yuko kijana mwema aliyejifunza kazi ya umeme kwa kutazama wengine. Hana leseni, lakini bei yake ni nusu. Mjini yuko fundi mwenye leseni, naye si Muislamu. Wazee wanasema riziki apewe ndugu yetu. Mwenye nyumba anasema, “Tengenezeni wenyewe.” Familia inauliza: nani aitwe, nani alipe, na ikitokea ajali nani atadhamini?

JIBU KWA UFUPI

Aitwe mwenye ujuzi uliothibitishwa na amana inayojulikana. Kwa sura ya suala hili, ni yule mwenye leseni, wala hakuna dhambi kumuajiri kwa kuwa si Muislamu. Kumpa kazi hii kijana asiye na ujuzi uliothibitishwa si wema kwake wala kwa watoto wanaolala chini ya bati lile. Gharama ya matengenezo kwa asili ni ya mwenye nyumba. Asiyejua kazi akiharibu, anadhamini. Lakini aliyemuita huku akijua kuwa hajui ana hatari ya kupoteza haki yake ya kudai. Na kabla ya yote hayo: meni swichi izimwe leo, isiwashwe mpaka fundi afike. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

1. SIFA MBILI ZA MUAJIRIWA

Katika Suratul-Qasas, aya ya 26, tumesimuliwa kuhusu binti wa mzee wa Madyan aliyemshauri baba yake amuajiri Nabii Musa (‘alayhis-salaam). Alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wanavyuoni, akiwemo Ibn Taymiyyah, wameeleza kwamba nguvu katika kila kazi hupimwa kwa kazi yenyewe. Nguvu ya mchungaji ni mwili wake, na nguvu ya kadhi ni elimu yake ya hukumu. Nguvu ya fundi umeme basi ni kujua waya gani unabeba mzigo gani, na kuwa na vipimo vya kuthibitisha alichokifanya.

Sifa moja haisimami mahali pa nyenzake. Mwaminifu asiyejua ataunguza nyumba kwa nia njema. Anayejua lakini hana amana ataacha waya wa ardhini ukining'inia bila kufungwa, kwa sababu taa zitawaka vilevile na hakuna atakayemuona.

Na umeme ni moto. Katika Swahihi mbili imepokewa kutoka kwa Abu Musa Al-Ash‘ari (radhiya Allaahu ‘anhu) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake, na Mtume (S.A.W.) alipoambiwa akaueleza moto kuwa ni adui yetu, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Moto wa taa ya mafuta ulionekana kwa macho. Moto wa waya uliochakaa ndani ya dari hauonekani, na ndiyo maana tunamhitaji anayeujua.

2. FUNDI ASIYE MUISLAMU

Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (radhiya Allaahu ‘anhu) walipohama Makka walimuajiri ‘Abdullah bin Urayqit wa Banu ad-Dil awaongoze njia. Bwana huyo alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Walimkabidhi ngamia wao wawili na kuahidiana naye wakutane kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Hadithi iko katika Swahihi ya Al-Bukhari, nayo inataja sababu: alikuwa bingwa wa njia, na walimuamini.

Tuzingatie uzito wa jambo lile. Makuraishi walikuwa wakiwasaka, na uhai wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa mikononi mwa muongozaji yule. Hawakukosa Waislamu wenye mapenzi. Walitafuta anayeijua njia na asiyesaliti.

Kwa hiyo jamaa zetu walioko Ufipa, ambako majirani wengi ni Wakristo, wasione uzito kumuita fundi wa mji ule. Isitoshe, uwanda ule ni nchi ya mafundi tangu zamani. Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo ziitwazo malungu, nayo ilikuwa kazi ya mabingwa wanaojulikana, si ya kila mpita njia.

Na kijana wa msikitini je? Asidharauliwe. Jamaa wamsaidie asome katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, kisha ajifunze kazi chini ya fundi mwenye leseni. Wanavyuoni wa Kishafi, akiwemo Imam An-Nawawi, wametaja kwamba fakiri mwenye ufundi anaweza kupewa katika Zaka kiasi cha kununulia vifaa vya kazi yake. Huo ndio udugu wenye faida.

3. VIPI FUNDI ATAJULIKANA

Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefanya kazi ya kufunga umeme awe na leseni ya EWURA. Leseni hizo ziko katika madaraja yenye herufi, na kila daraja lina mpaka wa kazi. Cheti cha chuo si leseni. Cheti kinaonesha kwamba mtu amesoma. Leseni inaonesha kwamba ameruhusiwa kufanya kazi ya daraja fulani na kwamba yupo wa kumuuliza akikosea.

Familia ifanye mambo manne:

- Iombe kuiona leseni yenyewe, isome jina, daraja na tarehe ya mwisho, na ilinganishe jina na kitambulisho.
- Iulize ofisi ya TANESCO ya wilaya kama fundi huyo anajulikana. Nyumba inapoombewa umeme kwa mara ya kwanza, TANESCO hutaka mchoro wa wayaring wenye saini na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni, kwa hiyo mafundi halali ofisi inawajua.
- Iulize kaya mbili alizozifanyia kazi zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Kazi mbaya ya umeme haijitokezi siku ya kwanza.
- Itazame vifaa vyake. Aliyekuja na testa ya bisibisi na koleo tu hana cha kupimia uzima wa waya wala uzima wa erthi.

Watu huwaita “vishoka” wale wanaojifanya mafundi au watumishi wa shirika bila kuwa hivyo. Kishoka hujulikana kwa mambo matatu: anataka pesa yote mwanzo, hataki kuandika, na hukuambia anaweza “kuirekebisha” mita isome kidogo. La tatu ni wizi wa mali ya umma. Halihalaliki kwa kusema kwamba bei ya umeme ni kubwa.

Mpaka wa kazi nao ujulikane. Kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mita ni mali na jukumu la shirika. Baada ya mita ni kazi ya fundi wa mwenye nyumba. Fundi binafsi akipanda nguzo au kukata lakiri ya mita, msimamisheni hapohapo.

4. UWANDA WA UFIPA UNATAKA NINI

Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Novemba hadi Aprili, mara nyingi pamoja na radi kali, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu na baridi. Hali hiyo inaleta mambo ambayo mtu wa pwani hakuyazoea.

La kwanza ni erthi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Fimbo ya erthi iliyopigwa kijuujuu wakati wa mvua inaweza kupimwa ikaonekana nzuri mwezi wa Februari, na isifae mwezi wa Septemba. Fimbo iingie chini mpaka kwenye udongo usiokauka, na ipimwe wakati wa kiangazi.

La pili ni bati. Nyumba nyingi za mjini na za njia ya Laela, Matai na Namanyere ni za matofali na zimeezekwa kwa bati. Waya uliopitishwa juu ya ukingo wa bati husuguliwa na upepo mpaka ngozi yake inatoboka, na hapo paa zima hubeba umeme. Mvua ikilowesha nguzo na sakafu, anayegusa anakuwa njia ya umeme kwenda ardhini. Kutekenywa kunakotajwa katika suala hili huenda ni dalili ya jambo hilo au la erthi mbovu. Vyovyote iwavyo, hali hiyo inaua, na haifai kungojewa.

La tatu ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai watu huchemsha maji na kuota moto kwa umeme. Birika la wati 2,000 likitumika pamoja na jiko la sahani la wati 2,000 kwenye waya mmoja wa kuongezea, kwa umeme wa volti 230 inapita zaidi ya ampea 17, na plagi ile imetengenezwa kwa ampea 13. Soketi itayeyuka. Kila kifaa kizito kiwe na soketi yake ya ukutani. Kwa kawaida soketi hufungwa kwa waya wa milimita za mraba 2.5, taa 1.5, na jiko kubwa au hita ya maji waya mnene zaidi.

La nne ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ikitumia umeme wa kutoka Zambia na majenereta ya TANESCO. Penye laini ndefu umeme huweza kupungua na kurudi kwa nguvu, kwa hiyo friji na televisheni ziwekewe kifaa cha kuzilinda, na plagi zichomolewe radi inapoanza.

Kwa wenye nyumba ndogo vijijini, REA imekuwa ikitumia kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, chenye soketi na swichi zake pamoja, kinachomtosha mwenye vyumba vichache bila wayaring ya nyumba nzima. Ni bora hicho kuliko wayaring ya ovyo.

5. MKATABA: IJARA AU JU‘ALA

Kosa lililoenea kwetu ni kusema, “Wewe fanya, tutaelewana.” Ijara ina masharti: kazi ijulikane na ujira ujulikane. Ujira usipotajwa, mkataba unaingia kasoro na fundi anastahiki ujira wa mfano, yaani kiasi wanacholipwa wenzake kwa kazi kama ile. Hapo ndipo ugomvi huanzia.

Lakini kuna kazi ambayo ukubwa wake haujulikani kabla ya kuanza, kama kutafuta shoti iliyojificha. Hapa zipo njia mbili. Ya kwanza ni ijara ya muda: ulipe siku moja ya ukaguzi kwa kiasi kinachojulikana, ipatikane ripoti, kisha mkubaliane upya juu ya matengenezo. Ya pili ni ju‘ala, nayo ni ahadi ya malipo kwa matokeo: “Ukiipata shoti na kuiondoa, una shilingi kadhaa.” Katika ju‘ala kutojulikana kwa ukubwa wa kazi kunasamehewa, na malipo hayastahiki mpaka matokeo yapatikane. Kwa hiyo msichanganye: aliyeajiriwa kwa siku hulipwa siku yake hata kama kosa halijaonekana, na aliyeingia ju‘ala hadai kitu kabla ya kumaliza.

Andikeni kwa ufupi: kazi gani, vifaa gani, ujira, siku ya kumaliza, na muda ambao fundi atarudi bure kikiharibika alichokifunga. Kazi ikikamilika, mlipeni papo hapo. Imepokewa katika Hadithi Al-Qudsi kwamba Allaah atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemuajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

6. VIFAA NA “CHA JUU”

Mkimtuma fundi dukani, yeye ni wakili wenu. Punguzo alilopewa na muuza duka ni lenu, na masalio ya waya ni yenu. Kuandikiwa risiti ya bei kubwa ili abakishe “cha juu” ni khiyana, hata kama mafundi wote wanafanya. Akitaka faida katika vifaa, aseme wazi: “Nitawauzia mimi waya huu kwa bei hii.” Hapo ni biashara halali. Nanyi msimbane ujira mpaka aone hana njia ila hiyo.

Angalieni alama ya ubora ya TBS kwa walioko Bara na ya ZBS kwa Zanzibar. Waya bandia huwa mwepesi, na ndani yake shaba ni chache au ni madini mengine yaliyopakwa rangi ya shaba. Waya huo huchemka kwa mzigo ambao waya halisi ungeubeba bila shida.

7. DHAMANA IKITOKEA HASARA

Imepokewa kwa Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah Hadithi yenye maana kwamba mwenye kufanya utabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo anadhamini. Wanavyuoni wameichukua maana yake katika kila fani yenye hatari. Hivyo:

- Fundi anayejua, akafanya kama inavyotakiwa, kisha ikatokea hasara kwa sababu nyingine: kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafi ni kwamba hadhamini, kwa kuwa mkono wake ni mkono wa amana.
- Fundi anayejua lakini akapuuza, kama kuacha erthi bila kuifunga: anadhamini.
- Asiyejua aliyejifanya anajua: anadhamini, na ana dhambi.
- Asiyejua, na aliyemuita alikuwa anajua hivyo: Ibn al-Qayyim ameeleza katika suala la tabibu kwamba mgonjwa aliyejua ujinga wa tabibu na akamruhusu hana la kumdai.

Sura hii ya mwisho ndiyo inayoihusu familia iliyouliza. Wakimuita kijana wao hali wanajua hana ujuzi uliothibitishwa, kisha nyumba ikaungua, huenda wasipate kwake fidia yoyote. Na mtoto aliyepigwa na umeme hakuwa amemruhusu mtu.

8. NYUMBA YA KUPANGA

Kwa madhehebu ya Shafi, matengenezo yanayoifanya nyumba ikalike ni ya mwenye nyumba. Akiyafanya, mkataba unaendelea. Asipoyafanya, mpangaji ana khiari ya kuuvunja. Mpangaji akitengeneza bila idhini, ni taabu kwake kudai alichotumia. Kwa hiyo, maneno “tengenezeni wenyewe” hayatoshi. Mwenye nyumba aulizwe: “Je, tukate katika kodi?” Akikubali, iandikwe na kiasi kitajwe. Akikataa kutengeneza na kukataa kukata, basi wahame. Kuhama nyumba ni kuzito, lakini ni kwepesi kuliko kuzika.

9. FUNDI NDANI YA NYUMBA

Kijana wa Sumbawanga husafiri kwenye minada, na mke hubaki na watoto wadogo. Fundi asiingizwe hali mke yuko peke yake, kwani hiyo ni khalwa, awe fundi Muislamu au si Muislamu. Apangiwe siku ambayo mume yupo, au maharimu wa mke, au apatikane jirani mwanamke mtu mzima wa kuaminika. Vyumba vitayarishwe mapema na nguo za ndani ziondolewe. Fundi apewe maji na heshima yake. Siri ya nyumba ni amana juu yake, nasi tumwambie hivyo kwa upole.

10. KWA WALIOKO UNGUJA NA PEMBA

Hukumu ni zilezile, mamlaka ndizo tofauti. EWURA ni ya Bara. Kwetu msimamizi wa huduma hizi ni ZURA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, na shirika ni ZECO, kwa hiyo maulizo ya fundi yaanzie huko. Vijana wetu husoma ufundi katika vituo vya Mafunzo ya Amali kama Mkokotoni, Mwanakwerekwe na Vitongoji.

Mambo mawili yanatuhusu zaidi. Chumvi ya bahari hula viungo vya waya na fimbo za erthi, na sehemu nyingi mwamba wa matumbawe uko karibu, fimbo haishuki. Fundi ajue njia nyingine ya kupata erthi nzuri. La pili ni majenereta. Unguja ilipokosa umeme karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, watu wengi walinunua majenereta. Kuingiza jenereta nyumbani kwa waya wenye plagi dume pande zote mbili hurudisha umeme kwenye nguzo na huweza kumuua mtumishi wa ZECO aliye juu yake. Lazima iwepo swichi ya kubadilishia chanzo, na ifungwe na fundi anayestahiki. Haijuzu kujidhuru wala kumdhuru mwengine.

11. KABLA YA KUMLIPA FUNDI

- Apime uzima wa waya na wa erthi mbele yenu, na aandike namba alizozipata.
- Kiwepo kikata umeme cha kumlinda mtu, cha miliampea 30. Kikata umeme cha kawaida huulinda waya. Umeme unaomuua mtu ni mdogo mno kukifanya kikatike. Mbonyeze kitufe chake cha majaribio, kikatike, na mrudie kila mwezi.
- Kila swichi ya kisandukuni iandikwe inazima nini.
- Waya wowote usibaki umegusa bati, na kiungo kisibaki kimefungwa kwa utepe tu.
- Muonesheni kila aliye nyumbani, pamoja na watoto wakubwa, namna ya kuzima meni swichi. Aliyenaswa na umeme asishikwe kwa mkono kabla haujazimwa.

Tunawanasihi jamaa zetu wa Sumbawanga wazime umeme leo, walale kwa taa ya betri siku mbili tatu, na wamuite mwenye ujuzi. Kutawakali kwa Allaah ni pamoja na kuzifuata sababu alizoziweka. Tunamuomba Allaah azihifadhi nyumba zetu na watoto wetu, Bara na Visiwani, na awape mafundi wetu ujuzi na amana.

Wa Allaahu A‘lam.